Nimeambiwa nikakunje viti! Chama hiki tutakichukua kuanzia chini, atakayenuna na anune

Mgomvi wa Haki (mtoa mada):

Wakuu, mikono inatetemeka hapa ninapoandika, herufi zikirukana mnivumilie. Nimetoka sasa hivi kwenye kikao cha kamati ya kaunti ya chama chetu cha Democratic. Niko ndani ya gari, injini sijawasha, maana nikiendesha kwa hasira hizi nitafika Kanada.

Jina la mwenyekiti wetu silitaji na wala hakuna haja. Yeyote aliyewahi kukanyaga kikao cha chama chetu katika nchi hii ya Marekani anamjua. Yule yule. Yuko pale tangu safina ya Nuhu ikiwa bado mbao. Ana picha ukutani akishikana mkono na kila rais aliyepita. Neno "mshikamano" halimtoki mdomoni, na hajawahi kushikamana na mtu asiyekuja na hundi. Huyo.

Sasa sikilizeni. Nimesimama mbele ya kipaza sauti. Hoja iko mkononi, imeandikwa, imeungwa mkono, imo kwenye ajenda kihalali. Hoja yenyewe ni ndogo: nafasi za uwakilishi wa mitaa ambazo hazina mtu zitangazwe, wanachama waombe, zipigiwe kura. Nimefika sentensi ya pili. YA PILI! Mheshimiwa akainua kiganja, akatabasamu lile tabasamu lake la kwenye mabango, akasema kabla sijaendelea, mimi na "vijana wenzangu" tusaidie kukunja viti vya nyuma, ukumbi unahitajika na watu wengine.

Kukunja viti.

Kipaza sauti kiko mbele yangu, karatasi iko mkononi, ukumbi mzima unanitazama, na mtu mzima mwenye akili timamu ananituma viti. Na "vijana"! Mimi nina mtoto anayeingia chuo. Wenzangu niliokaa nao ni walimu, wauguzi na mzee mmoja mstaafu wa posta anayetembelea fimbo. Naye akakunje viti?

Walioko nje ya mambo haya hawaelewi kwa nini nafasi hizi zinauma. Kwenye majimbo mengi chama kimegawanywa hadi eneo dogo kabisa la kupigia kura, na kila eneo lina mjumbe wake. Wajumbe hao ndio wanaomchagua mwenyekiti wa kaunti. Kaunti zinatuma watu kamati ya jimbo, na majimbo yanatuma watu kamati ya taifa. Chini kabisa nafasi zinakaa wazi miaka na miaka kwa sababu hakuna anayeambiwa zipo, na kwingine mwenyekiti ndiye mwenye mamlaka ya kuzijaza. Atamjaza nani? Shemeji yake. Halafu shemeji anampigia kura. Ndiyo maana niliposema "zitangazwe" uso ulimbadilika kama mtu aliyeguswa mfukoni. Na ndiyo maana viti vikahitaji kukunjwa ghafla, wakati kikao kilikuwa na saa nzima mbele yake!

Uchaguzi ukifika sisi ndio wa kubisha hodi. Mvua yetu, theluji yetu, mbwa wanatukimbiza sisi. Simu zote sisi. Bima ya afya kwa wote, kima cha chini cha mshahara, kodi za nyumba, haya yote tunatumwa tukayaseme mlangoni kwa watu. Uchaguzi ukiisha, tukitaka kuyasema ndani ya chama, tunaonyeshwa viti.

Mwaka 1964 Fannie Lou Hamer na wenzake wa Mississippi walikwenda mkutano mkuu wa chama Atlantic City. Wakulima, watu waliopigwa na kufukuzwa kazi kwa kutaka tu kujiandikisha kupiga kura. Wakaambiwa wachukue nafasi mbili tu za ujumbe na washukuru. Wakakataa. Mwaka 1968 ujumbe waliokuwamo ndio uliotambuliwa, na wale wakubwa wa Mississippi waliozoea kujiona chama ni mali yao wakabaki nje. Kilichobadilika ndani ya miaka 4 ni watu kujipanga, basi. Hakuna mwenyekiti aliyeamka asubuhi akaona huruma.

Kwa hiyo nauliza kwa nguvu zote: tujenge vuguvugu letu kuanzia mtaani, tujaze kila nafasi iliyo wazi, tukipindue chama hiki kuanzia chini? Mimi jibu ninalo. NDIYO. Nataka kujua nani yuko nami.

Viti, jamani. Sentensi ya pili!

---

Kibuyu Kizee:
Pole mtoa mada. Swali moja tu la msingi: ulivikunja au hukuvikunja?

Nyamaza Kwanza:
Hilo ndilo swali. Sote tunasubiri.

Mgomvi wa Haki:
Nimeandika habari za chama kizima ninyi mnauliza viti? Sikuvikunja. Yule mzee wa fimbo alianza kuinuka, nikamkalisha, nikamsaidia yeye viwili. YEYE. Sikumsaidia mwenyekiti.

Nyamaza Kwanza:
Alivikunja.

Binti Hodari:
Mcheke mkimaliza mniambie. Mimi wa kwetu ananiita "moyo wa chama" kila akisimama. Moyo wa chama! Nilipogombea ujumbe akanipigia simu saa tatu usiku kuniuliza kama kweli niko tayari "kuwagawa watu". Nafasi ilikuwa haina mtu. Namgawa nani na nani, mimi na ukuta? Dada, niko nawe. Na hata mimi niliwahi kutumwa. Niliambiwa nihesabu vikombe vya kahawa.

Mgomvi wa Haki:
Umeona?! Vikombe, viti, ni ugonjwa mmoja. Lakini angalau wewe hukukatizwa ukiwa kwenye kipaza sauti.

Mzee wa Akidi:
Mtoa mada amepandwa na jazba, hoja yake inakimbia ukweli. Hayo ya kuteka chama kuanzia chini yalishafanyika Nevada. Mwaka 2021 mrengo wenu wa kushoto ulishinda uongozi wa chama cha jimbo, kura halali kabisa. Kilichofuata? Watumishi wote wa ofisi wakaacha kazi, na dola 450,000 zilikuwa zimeshahamishwa kwenda kwenye kamati ya kampeni za Seneti kabla wapya hawajaingia. Mkakabidhiwa funguo za nyumba isiyo na hata kijiko. Mwaka 2023 mkaondolewa kwa kura vilevile. Sasa huyo mwenyekiti wako ukimwondoa unadhani ataacha daftari la simu mezani?

Mgomvi wa Haki:
Kwa hiyo kosa ni letu sisi tulioshinda au ni la waliobeba vijiko? Jibu hilo Mzee. Watu wanahamisha fedha za chama ili wanachama wenzao wasizikute, wewe unanipa mfano huo kunikatisha tamaa MIMI? Huo mfano wako ndio hoja yangu yenyewe. Na yule wa Nevada walau alimaliza kusoma hoja zake.

Radi ya Mashariki:
Mnahangaika bure. Tokeni, anzisheni chama chenu.

Binti Hodari:
Radi, kila uzi wewe ni "tokeni". Mfumo huu mwenye kura nyingi kwenye jimbo la uchaguzi anachukua kiti chote, wa pili hapati hata sahani. Chama kipya kitakula kura za jirani yake halafu wote wawili washindwe. Njia ni mchujo, ile kura ya ndani ya chama ya kumpata mgombea. Joe Crowley alikuwa kigogo namba nne wa chama kwenye Baraza la Wawakilishi, miaka 14 hakuna aliyemsogelea kwenye mchujo. 2018 Alexandria Ocasio-Cortez akamwangusha kwa watu wa kubisha hodi. Na Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alianza mbio za umeya hakuna anayemjua, 2025 akamshinda gavana wa zamani Andrew Cuomo kwenye mchujo, na Novemba akamshinda tena. Mtoto wa Kampala ndiye meya wa New York, wewe unasema tokeni?

Radi ya Mashariki:
New York, New York, kila mara New York. Tupe Buffalo basi, si iko jimbo hilohilo? India Walton alishinda mchujo wa 2021 kihalali. Meya aliyeshindwa, Byron Brown, akakataa kusalimu amri, akaomba watu waandike jina lake kwa mkono kwenye karatasi ya kura, akashinda. Mkishinda mchujo wao ndio wanaotoka. Ninyi mkishindwa mnaambiwa mshikamano.

Mgomvi wa Haki:
MSHIKAMANO! Hilo hilo neno! Alilisema leo mara tu baada ya viti!

Kibuyu Kizee:
Viti vilikuwa vya plastiki au vya chuma? Nauliza kwa sababu za kitaalamu.

Shetani wa Utaratibu:
Kosa la mtoa mada ni moja na hakuna aliyeliona. Ukikatizwa na mwenyekiti wakati una haki ya kuzungumza, unasimamisha HOJA YA UTARATIBU papo hapo. Hapo mwenyekiti analazimika kutoa uamuzi. Uamuzi usipokuridhisha unakata rufaa kwa kikao, mtu akikuunga mkono inapigiwa kura. Angefanya hivyo kura zingehesabiwa na viti vingekaa palepale.

Mgomvi wa Haki:
Shetani, nilisema "hoja ya utaratibu". Akasema ameisikia na ataishughulikia baada ya viti.

Shetani wa Utaratibu:
BAADA YA VITI? Hiyo hairuhusiwi popote duniani.

Mgomvi wa Haki:
Asante! Mtu mmoja ameelewa!

Mzee wa Akidi:
Tusisahau 1972. Baada ya vurugu za mkutano mkuu wa chama Chicago 1968, kanuni zikabadilishwa, wanachama wa kawaida wakapewa sauti kwenye uteuzi. Wakamteua McGovern agombee urais. Akapoteza majimbo 49 kati ya 50. Ndiyo maana wakubwa wanaogopa, hawajazaliwa na roho mbaya.

Binti Hodari:
Mzee, 1968 wakubwa walimteua Humphrey bila yeye kugombea mchujo hata mmoja, naye akashindwa. Mbona hilo huwa halitajwi kama funzo? Wakishindwa wao ni bahati mbaya, tukishindwa sisi ni funzo la karne.

Pwani Kavu:
Mimi ni wa mrengo huohuo na nina la kwangu, samahani mtoa mada. Mwenyekiti wenu alau anakunja viti akafunga ukumbi. Kikundi chetu cha mabadiliko kilikaa jioni nzima kujadili KIITWEJE. Kikao kilichofuata tukajadili nani aliandika muhtasari wa kikao cha jina. Kuna dada anasema "tusikilizane" kisha anaongea peke yake mpaka mlinzi anazima taa. Nafasi za mitaa zilifunga kupokea majina sisi bado tuko kwenye jina. Wale wahafidhina wa Tea Party, vuguvugu la ndani ya chama cha Republican, walianza 2009, hawakujadili jina, walikwenda moja kwa moja kwenye kamati za mitaa. Mwaka 2014 wakamng'oa Eric Cantor, kiongozi wa walio wengi kwenye Baraza la Wawakilishi, aliyetumia zaidi ya dola milioni 5 kwenye mchujo, na aliyemng'oa ni mwalimu wa chuo ambaye hakuna aliyemjali.

Nyamaza Kwanza:
Huyo dada wa "tusikilizane" yuko hata kwetu. Analipwa?

Mgomvi wa Haki:
Jamani turudi kwenye mada. Nani yuko tayari kugombea nafasi ya mtaa wake? Andikeni hapa.

Pwani Kavu:
Kwetu tungeandika kwanza nani ataandika orodha.

Kibuyu Kizee:
Mnasema watu, mimi nasema fedha. Mbunge Jamaal Bowman 2024 alikuwa na watu. Akamiminiwa matangazo ya zaidi ya dola milioni 14 na kundi moja tu, mchujo ukawa ghali kuliko wote wa Baraza la Wawakilishi hadi wakati huo, akaondoka. Hodi ngapi zinalingana na hizo?

Binti Hodari:
Ndiyo maana tunaanzia kwenye mtaa, Kibuyu. Huko hakuna anayeleta milioni 14 kumzuia mwalimu asiwe mjumbe wa eneo lake. Huko ukikusanya saini chache na majirani wakijitokeza umemaliza.

Radi ya Mashariki:
Fedha mmezitaja, mimi nazungumzia meseji za kuomba michango. Nilichanga dola 5 mara moja. MARA MOJA. Tangu hapo simu yangu haina amani. Saa tano usiku: "Tumeumia. Hukujibu." Nani ameumia? Mke wangu aliiona kabla yangu, nililala sebuleni.

Nyamaza Kwanza:
Hahaha Radi! Mimi naletewa ile ya "leo mwisho, mchango wako utazidishwa mara tano". Ni leo mwisho kila siku. Na anayezidisha hajulikani.

Shetani wa Utaratibu:
Mama yangu mzazi ana zaidi ya miaka 80, aliziamini. Alichanga akidhani mgombea anamwandikia yeye binafsi. Kuna kisanduku kidogo kimewekwa alama tayari, ukibonyeza kutuma wanakukata kila mwezi. Hilo ndilo lingepaswa kuwa na uzi wake.

Pwani Kavu:
Mama pole sana. Kisanduku hicho kilimkamata na kaka yangu. Benki ikamwambia aulize kampeni, kampeni ilishafungwa mgombea alishindwa.

Mgomvi wa Haki:
Wakuu, hoja yangu haikupigiwa kura. Mnaelewa? Haikusomwa mpaka mwisho.

Radi ya Mashariki:
Tunaelewa dada, ila hili la mama wa Shetani ni wizi kabisa. Shetani, fungua uzi.

Kibuyu Kizee:
Kabla hajafungua, anayejua namna ya kuzizuia aweke hapa. Neno la kuwaambia waache nimeshaliandika. Wamenijibu kwa namba nyingine wakinishukuru kwa kuwa bado niko nao.