Kiwanda kimeruhusiwa kuvuka viwango vya majitaka "ilimradi ubora wa maji ulindwe": mwenye akili anieleze hili linawezekanaje

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Wiki iliyopita, kwenye mkutano wa mtaa wetu hapa Dar es Salaam, tulisomewa barua inayokipa kiwanda kimoja cha kutia rangi vitambaa, kilicho upande wa juu wa kijito chetu, ruhusa ya miezi sita ya kutiririsha majitaka yasiyofikia viwango vya kibali chake. Sababu iliyotajwa ni kwamba mota za mashine zinazopuliza hewa kwenye bwawa la kusafishia zimeungua na vipuri vimeagizwa nje ya nchi. Sentensi ya mwisho ya barua hiyo, ambayo mwenyekiti aliirudia kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, inasema kwamba ruhusa imetolewa "ilimradi ubora wa maji ya kijito uendelee kulindwa". Kiwanda sikitaji, maana wanasheria wake wana muda mwingi kuliko mimi, na ofisi iliyoandika barua siitaji vilevile. Wenyewe wakipita hapa watajitambua.

Nilikuwa fundi sanifu wa maabara ya maji kwa miaka 19 kabla ya kustaafu, kwa hiyo naomba nisijibiwe kwamba wananchi hatuelewi mambo ya kitaalamu. Ninayaelewa, na ndiyo maana nimeshindwa kulala. Kiwango kilichoandikwa kwenye kibali ndicho ulinzi wenyewe wa kijito, na hakuna ulinzi mwingine uliofichwa nyuma yake. Kijito hakina lango wala chujio. Kinapokea kile kinachotoka kwenye bomba, basi. Anayesema amelegeza kiwango cha bomba lakini anaendelea kulinda maji ni sawa na mtu aliyeng'oa mlango wa nyumba yake kisha akaapa kwamba bado analala amejifungia.

Kwa wasiozijua namba zenyewe, Kanuni za Viwango vya Ubora wa Maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinataka majitaka yanayomwagwa mtoni yawe na BOD isiyozidi miligramu 30 kwa lita. BOD ni kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu hutumia kuozesha uchafu uliomo ndani ya maji. Kipimo kingine, COD, yaani oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu huo kwa kemikali, kisizidi miligramu 60. Namba hizi hazikuokotwa njiani. Uchafu ukizidi, vijidudu huimaliza oksijeni ya mto, samaki na viumbe wadogo hufa, maji huwa meusi na huanza kunuka yai bovu, harufu ambayo kila mkazi wa bondeni anaijua bila kusomea. Barua tuliyosomewa haina namba hata moja. Haisemi kiwanda kimesamehewa hadi kufikia miligramu 80, au 200, au 600, na kwa maandishi yale yalivyo, hakuna kiasi cha uchafu ambacho kitakuwa kimevunja ruhusa hiyo.

Tumeambiwa pia kwamba "vipimo vitachukuliwa mara kwa mara na ruhusa itasitishwa athari zikionekana". Hapa ndipo nilipocheka peke yangu mkutanoni hadi watu wakageuka kunitazama. Kipimo cha BOD huchukua siku 5. Chupa hufungiwa gizani kwenye nyuzi 20 za selsiasi, na siku ya tano ndipo unasoma oksijeni iliyobaki. Hata kama mpimaji angefika kesho alfajiri, jambo ambalo sijaliona kwa miaka yote niliyoishi hapa, majibu yangepatikana wakati maji aliyoyapima yameshaingia baharini, na mchicha ulionyweshwa kwa maji hayo umeshauzwa, umepikwa na umeliwa. Na hiyo mizani ya "athari zikionekana" nani ataishika? Kabla ya kutoa ruhusa hawakupima kijito wapate hali ya kulinganishia. Niliuliza. Nikajibiwa kwamba swali langu limepokelewa.

Hoja waliyoitegemea zaidi ni kwamba maji ya kijito yatayazimua majitaka. Masika labda. Lakini ruhusa hii imetolewa kiangazi, na kijito chetu cha kiangazi nakivuka kwa hatua moja bila kuvua viatu, wakati bomba la kiwanda ni nene kuliko paja langu na halikauki mwezi wowote. Tufanye hesabu ya shule ya msingi. Tuseme nusu ya maji yanayopita darajani yametoka kwenye bomba hilo yakiwa na BOD ya 200, na nusu nyingine imetoka juu ikiwa safi kabisa, na BOD ya 2. Mchanganyiko wake ni 101, zaidi ya mara tatu ya kile ambacho sheria inakubali kitoke kwenye bomba lenyewe, na hapo nimewafanyia hisani ya kudhani kwamba maji ya juu ni safi.

Jumanne asubuhi niliteremka bondeni nikaangalie mwenyewe. Jirani yangu, mama mtu mzima anayelima mchicha, matembele na chainizi kando ya kijito, alikuwa amesimama na keni mbili tupu, hajui achote au aache. Maji yalikuwa ya zambarau. Siku mbili kabla yalikuwa ya kijani, na alinionyesha kwenye tuta moja ukoko wa rangi hiyo uliokaukia juu ya udongo kama chumvi. Nilichota kwenye ndoo nyeupe ya plastiki na nikaimwaga. Mstari wa zambarau ulibaki ndani ya ndoo na haukutoka kwa sabuni. Povu lilikuwa limejikusanya kwenye mizizi ya mgomba hadi usawa wa goti. Aliniuliza, "Baba, hii barua yao inasemaje kuhusu matuta yangu?" Barua haisemi kitu kuhusu matuta yake. Hana kisima, na maji ya bomba hawezi kuyalipia kwa kumwagilia. Alisubiri hadi saa tatu, rangi ikafifia kidogo, akachota.

Najua watakuja wa kutetea ajira, na sitawapuuza, kwa sababu kijana wangu mmoja aliwahi kufanya kazi pale zamu ya usiku. Hakuna aliyesema kiwanda kifungwe. Kinaweza kupunguza zamu hadi mota zifike, kukodi mashine za kupuliza hewa, kuhifadhi maji ya rangi kwenye matangi, au kuyapeleka kwa magari ya majitaka hadi kwenye mabwawa yanayoyaweza. Yote hayo yana gharama, na ni gharama hiyo hasa ambayo barua imeihamisha kutoka kwenye vitabu vya kiwanda kuja kwenye matuta ya yule mama, ingawa sheria yetu ya mwaka 2004 imeweka waziwazi msingi kwamba mchafuzi ndiye hulipa. Kijana wangu ananiambia kiwanda kina jenereta kubwa ya akiba ili mashine za rangi zisisimame hata dakika moja umeme ukikatika. Kwa ajili ya bwawa la kusafishia hakina hata mota moja ya akiba. Isitoshe, bakteria wanaosafisha maji kwenye bwawa la namna ile hufa wakikosa hewa kwa siku chache, na kuwakuza upya huchukua wiki kadhaa hata baada ya mota kuwaka, kwa hiyo hiyo miezi sita ni sita kwenye karatasi tu.

Mtu mmoja pale mkutanoni alisema hata Uingereza ililegeza masharti. Ni kweli. Mwezi Septemba 2021, kampuni za maji zilipolalamika kwamba dawa za kusafishia hazifiki, mamlaka ya mazingira ya huko iliruhusu majitaka yatolewe bila kutimiza masharti yote ya kibali, na ililaumiwa sana kwa uamuzi huo. Lakini waraka wake ulichapishwa kila mtu ausome, ulikuwa na masharti yaliyoandikwa, na tarehe ya mwisho ilikuwa 31 Desemba mwaka huohuo. Sisi tumesomewa barua moja na hatukupewa nakala. Nilipoomba kuipiga picha kwa simu, mwenyekiti aliikunja akaitia mfukoni.

Na kwa nini twende Uingereza wakati jambo hili liliwahi kufika mahakamani hapahapa Dar es Salaam? Wakazi wa Tabata, Joseph Kessy na wenzake, waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika kesi ya mwaka 1988 kwa kulundika taka kwenye makazi yao, kwa moshi, harufu na nzi. Walishinda. Jiji likarudi kuomba kuongezewa muda, na likaomba tena. Jaji Lugakingira alilikatalia, na alieleza kwamba hajawahi kusikia popote mamlaka ya umma, wala hata mtu binafsi, akienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Aliliweka suala hilo chini ya haki ya kuishi iliyomo kwenye ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, nako wananchi wakaenda mahakamani mwaka 1991 na wakashinda pia. Leo ruhusa ileile iliyomshangaza jaji inapatikana bila hata kwenda mahakamani, kwa barua ya ukurasa mmoja.

Ninachotaka ni barua hiyo ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, iandikwe namba ambayo kiwanda hakitaivuka, na majibu ya maabara ya kila wiki yabandikwe palepale. Kama namba hiyo haipo, ruhusa ifutwe. Kifungu cha 4 cha sheria ya 2004 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na cha 5 kinamruhusu kuidai mahakamani, kwa hiyo wanasheria mliomo humu naomba mniambie nianzie wapi.

Jumamosi saa 12 asubuhi nitakuwa darajani kuchukua sampuli, moja juu ya bomba na mbili chini yake. Chupa ninazo. Sina sanduku la barafu, na sampuli isipokaa kwenye baridi majibu yake yatakataliwa. Nahitaji pia mashahidi wawili ambao si ndugu zangu, watakaotia saini kwenye lebo. Mwenye kuweza aandike hapa chini.