Tupeane uzoefu: mliowahi kuvuka bahari kuu kwa meli ya kifahari, ni usiku upi hamtausahau?

Nanga_Moja (mleta mada)

Wakuu, jana upepo umepita dirishani, vitundikio vya nguo kabatini vikagongana, na tumbo likanigeuka papo hapo. Miaka sita imepita, lakini sauti ile ile ndiyo iliyonikesha usiku wa tatu katikati ya Atlantiki, tukitoka Southampton kwenda New York.

Watu wanaona picha za vinara vya kioo na meza zenye vitambaa vyeupe. Vyote vipo, nimekula kwenye meza hizo. Ila kuvuka hakufanani na zile safari za kushuka bandari mpya kila asubuhi. Ni usiku saba, maji mbele, maji nyuma, na pa kushukia hakuna. Jioni ya pili nahodha alitangaza, kwa sauti ya upole mno, kwamba bahari itachafuka. Muda si mrefu nikaona wahudumu wanachomeka mifuko ya kutapikia kwenye vishikio vya ngazi na pembeni mwa kila lifti. Ndipo nikauelewa ule upole. Mabwawa ya kuogelea yakatolewa maji na kufunikwa nyavu. Milango ya sitaha za nje ikafungwa.

Usiku uliofuata upepo ulifika daraja la 10 la kipimo cha Beaufort, yaani kilomita 89 kwa saa kwenda juu. Chumba changu kilikuwa mbele kabisa, sitaha ya juu. Omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, ikipanda unagandamizwa kwenye godoro kama umekaliwa kifuani. Ikishuka mwili unabaki hewani kidogo, halafu kishindo, na meli nzima inatetemeka. Droo zinajifungua na kujifunga. Kuta zinalia. Na vile vitundikio, kwa, kwa, kwa, bila kupumzika.

Nilivaa jaketi la kuokolea maisha nikakaa sakafuni nyuma ya mlango hadi kukakucha. Mhudumu wa chumba akanikuta hivyo hivyo. Hakucheka. Alinivua jaketi taratibu, akalirudisha kabatini, akaniletea tofaa la kijani na biskuti kavu, akaniambia nikakae katikati ya meli, sitaha ya chini, karibu na mapokezi. Baada ya saa moja nilikuwa mtu tena.

Leteni yenu.

Kipepeo_wa_Jioni

Vitundikio! Mimi nilivifunga kwa taulo usiku huo huo wa kwanza. Nimesoma mstari huo nikasisimka.

Dau_Dogo

Naomba kuuliza. Nina safari mwezi wa nne, nimepewa chumba cha mbele, sitaha ya juu, kama cha mleta mada. Nikibadilishe au niache?

Mkweli_Daima

Mnatishana bure. Meli za siku hizi zina mapezi ya kutuliza, yanatoka ubavuni chini ya maji. Haziyumbi. Anayetapika alikula vibaya.

Sitaha_ya_Tatu

@Mkweli_Daima, ndugu, mapezi yanapunguza meli kwenda mrama, ubavu huu na ubavu huu. Omo kupanda na kushuka hayazuii, na Atlantiki ya kaskazini inakupiga kwa mbele. Na kutapika hakutokani na chakula. Sikio la ndani linasema tunasogea, macho yanaona ukuta umetulia, ubongo unachanganyikiwa. Mimi nilimeza meklizini, kidonge cha kichefuchefu cha safari, baada ya kichefuchefu kuanza, haikunisaidia kitu. Meza kabla.

Bi_Tangawizi

Tangawizi mbichi, tafuna. Mambo ya vidonge yanakulaza, unalipia safari ya kulala.

Kipepeo_wa_Jioni

Usile kitu hadi bahari itulie.

Sitaha_ya_Tatu

Tumbo tupu ndilo baya zaidi. Kula kidogo kidogo, kavu. Kama unaweza kusimama, nenda mahali unapoona upeo wa bahari. Kama huwezi, lala chali ufumbe macho.

Mzee_wa_Upeo

Mimi sikupata dhoruba. Kilichonipata ni kitu kingine, na hadi leo sijakipatia jina. Kila saa sita mchana nahodha anatangaza tulipo, upepo, umbali uliosalia, na kina cha maji chini yetu. Siku ya nne akasema tunapita kusini mwa pale Titanic ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, na kwamba mabaki yake yapo kina cha mita 3,800 hivi. Watu walikuwa wanakunywa chai, piano inapigwa. Ukumbi ukanyamaza kwanza meza moja, kisha nyingine, hadi mpiga piano mwenyewe akaondoa mikono. Dakika chache baadaye tukaingia kwenye ukungu, honi ikaanza kulia kila baada ya muda, mchana kutwa na usiku kucha.

Nilikwenda kusimama nje. Nilikumbuka lile zoezi la siku ya kwanza, king'ora kifupi mara saba kisha kirefu kimoja, sote tumepanga mstari huku wengine wananung'unika kwamba tunapotezewa muda. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulipitishwa 1914 kwa sababu ya watu zaidi ya 1,500 waliokufa pale. Tangu siku hiyo zoezi silinung'unikii.

Msafiri_Pekee

Mnaosafiri peke yenu, jiandaeni. Meli nyingi zinakutoza kama mko wawili chumbani. Hilo ndilo lililoniuma kuliko wimbi lolote.

Binti_wa_Baba

Nimesoma hapo kwa Mzee wa Upeo kuhusu mpiga piano nikalia, maana kwetu pia yupo mpiga piano. Naandika ndefu, mnisamehe.

Miaka saba iliyopita nilimsindikiza baba, akiwa na miaka 71. Ilikuwa mwezi wa nne, wakati meli zinapohamishwa kutoka Karibi kwenda Mediterania kwa msimu wa joto. Tulipanda Fort Lauderdale kwenda Barcelona, na bandari ya kwanza upande wa pili ingekuwa Funchal, kisiwa cha Madeira. Baba alikuwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Usiku wa nne nikaamka nikamsikia bafuni. Nilipowasha taa, damu ilikuwa kwenye sinki, sakafuni, kwenye joho lake. Kidonda cha tumbo kilikuwa kimepasuka mshipa.

Kliniki ya meli ina madaktari, wauguzi, vitanda vichache, mashine za msingi. Akiba ya damu hakuna. Daktari aliniuliza kundi la damu la baba, nikamwambia O hasi. Akamtazama muuguzi, na muuguzi akatazama chini. Nikauliza helikopta. Akanieleza kwamba helikopta ina masafa yake, na sisi tulikuwa zaidi ya siku mbili kutoka visiwa vya Azores. Hakuna helikopta ya kufika pale tulipo.

Mnajua spika za vyumbani haziguswi usiku. Saa nane na dakika kumi zikawashwa meli nzima. Sauti ya nahodha: tuna mgonjwa mahututi, tunaomba yeyote mwenye kundi O hasi, hasa aliyewahi kuchangia damu na mwenye kadi, afike kliniki sasa hivi.

Nilisimama mlangoni nikifikiri hakuna atakayekuja. Ni usiku wa manane, watu wako likizo, wamelipa wapumzike. Kisha lifti ikafunguka. Walikuja na majoho meupe ya kuogea na ndala za chumbani, nywele zimesimama, wengine kadi mkononi. Korido ikajaa. Kulikuwa na kijana wa jikoni, sare bado ina unga. Kulikuwa na mama mzee sana ambaye alikataliwa kwa umri, akaanza kulia, akaniuliza kama anaweza angalau kunishika mkono. Akaushika hadi asubuhi.

Walipimwa kwa vipimo vya haraka, kundi la damu na maradhi. Wakabaki wanne: abiria watatu na mpiga piano wa ukumbi wa juu. Damu ilitoka mkononi mwao ikaingia kwenye mfuko, na kutoka kwenye mfuko ikaingia kwa baba. Niligusa mfuko wa pili. Ulikuwa bado na joto la mtu.

Nahodha akaacha njia ya Funchal, akaongeza mwendo kuelekea Azores. Alfajiri ya pili ikaja helikopta kutoka Terceira, kimojawapo cha visiwa hivyo. Walifunga viti vyote vya sitaha, wakatuambia tusitoke. Nilimwona baba akipanda angani amefungwa kwenye machela, anazunguka polepole, bahari chini yake nyeusi. Mimi sikuruhusiwa kwenda naye. Nilimfuata kwa ndege siku tano baadaye, kutoka Barcelona. Hizo siku tano ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi.

Kipepeo_wa_Jioni

Siwezi kusema kitu. Pole dada.

Bi_Tangawizi

Nimeuweka pembeni mtandio wangu wa kufutia machozi. Baba aliishi?

Mkweli_Daima

Pole kwa yaliyokupata. Ila niseme lililo moyoni. Mimi nilikuwa kwenye safari kama hiyo, tukakosa bandari nzima kwa sababu ya mgonjwa mmoja. Watu zaidi ya elfu mbili. Mtu mwenye maradhi mazito anapandaje meli ya siku kumi na tatu bila kufikiria wenzake?

Sitaha_ya_Tatu

@Mkweli_Daima umesoma alichoandika? Mama wa watu alikataliwa kutoa damu akalia, wewe unadai bandari.

Mkweli_Daima

Nimesoma. Nauliza wajibu wa msafiri. Ni swali halali.

Binti_wa_Baba

Kaka, nakujibu kwa heshima. Baba alipimwa na daktari wake wiki mbili kabla, akaruhusiwa. Kidonda hakikuwa kimeonekana. Kuhusu bandari, tangazo lilipotolewa kwamba Funchal haipo tena, nilijifungia chumbani kwa aibu. Niliposhuka kula, meza yetu ilikuwa na kadi kumi na moja, zimeandikwa kwa lugha ambazo nyingine siwezi kuzisoma. Hakuna aliyeniuliza kuhusu Funchal.

Ndiyo, Bi Tangawizi, aliishi. Ana miaka 78 sasa. Piano ikisikika mahali popote anaacha anachofanya, anasikiliza mpaka mwisho.

Mkweli_Daima

Nimekuelewa, dada. Nafuta neno langu. Mungu ampe umri mrefu.

Mtandika_Vitanda

Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi nilikuwa upande wa pili, mhudumu wa vyumba kwa mikataba mitano. Huko chini kuna korido ndefu ya wafanyakazi inayopita karibu meli nzima. Kwenye meli nyingi huiita I-95, kwa jina la barabara kuu ya Marekani. Tangazo kama hilo likitoka, korido hiyo inajaa kabla lifti za abiria hazijafika. Tunalala wawili wawili kwenye chumba kidogo karibu na usawa wa maji, tunafanya kazi miezi mingi bila siku nzima ya mapumziko, lakini sijawahi kuona mtu akigeuza shuka akalala. Kijana wa jikoni namwona kabisa.

Mleta mada, kuhusu jaketi: mimi peke yangu nimekuta watu wanne hivyo. Mmoja alikuwa rubani wa ndege.

Na mniamini kwa hili: kunaweni mikono kwa sabuni na maji. Ile jeli ya mlangoni haitoshi kwa virusi vya tumbo vya norovairasi. Nimesugua vyumba vya watu waliofungiwa humo siku tatu wakiangalia bahari kwenye televisheni.

Saa_Ishirini_na_Tano

Baada ya hiyo, simulizi yangu ni ndogo. Ukienda magharibi, saa inarudishwa nyuma usiku tano kati ya saba, kwa hiyo unapata siku za saa ishirini na tano. Mimi na mume wangu tulikuwa tumefika mahali pa kuachana. Kila usiku tulipewa saa moja zaidi na hakuna cha kufanya nayo ila kuongea. Tuliongea. Tumerudi kwa meli upande wa mashariki mwaka uliopita, na huko saa unanyang'anywa. Sikupenda.

Mzee_wa_Upeo

Hiyo si ndogo hata kidogo, mama.

Nami niongeze kufika, maana hakuna aliyelitaja. Nilikuwa kwenye Queen Mary 2, meli ya mita 345 iliyoanza kubeba abiria 2004. Tuliamka saa kumi alfajiri, mamia ya watu na mablanketi, kuona inavyopita chini ya daraja la Verrazzano kuingia New York. Bomba lake la moshi lilifanywa fupi ili lipite. Ukiwa juu unaapa kwamba litagonga. Watu wanainama, wanainama kweli, watu wazima. Halafu magari yanapita juu ya kichwa chako, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki unasikia harufu ya ardhi.

Msafiri_Pekee

Harufu ya ardhi! Hakuna aliyeniamini nilipoisema.

Dau_Dogo

Samahani wakuu, swali langu la chumba lilipita. Chumba cha mbele, sitaha ya juu. Nikibadilishe?

Bi_Tangawizi

Kama kina roshani, kiache, hewa ni dawa.

Sitaha_ya_Tatu

Roshani ya Atlantiki mwezi wa nne utaifungua mara mbili. Tafuta katikati, chini.

Mtandika_Vitanda

Katikati, chini. Piga simu leo, vinaisha mapema.

Nanga_Moja

Kibadilishe. Na ubebe taulo moja la ziada kwa ajili ya vitundikio.