Mjadala: Je, maduka makubwa ya Dodoma yatafutiwe kiwanja katikati ya mji kwanza?

Ndugu zangu wa Dodoma, mwekezaji anapoomba kujenga jengo kubwa la maduka Nzuguni, Iyumbu au njia ya kwenda Mtumba, je, atakiwe kwanza kuonyesha kwamba amekosa kiwanja kinachofaa katikati ya mji? Mimi nasema atakiwe.

Huko Uingereza maduka huelekezwa kwanza katikati ya mji, kisha pembeni yake, yaani mpaka mita 300 hivi kutoka eneo kuu la maduka, na nje ya hapo pale tu nafasi hizo zinapokosekana. Ubishi umekuwa juu ya maana ya neno "kufaa". Mwaka 2012 Mahakama ya Juu, katika shauri la kampuni ya maduka makubwa ya Tesco dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dundee, Scotland, iliamua kwamba kiwanja kipimwe kwa jengo analolikusudia mwombaji, ingawa naye anatarajiwa kulegeza ukubwa na mpangilio wake. Sehemu ya kwanza inanitia hofu. Viwanja vingi vya Uhindini na Majengo ni vidogo, na mtu akija na ramani ya jengo la chini lililozungukwa na maegesho mapana, hakuna kiwanja cha katikati kitakachomfaa kamwe. Tushike ile ya pili: aulizwe kama jengo linaweza kwenda juu, na kama amezungumza na wenye viwanja vinavyopakana ili viunganishwe.

Wapo watakaosema kwamba Serikali imehamia Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka mjini, na kwamba Soko la Job Ndugai na stendi kuu ya mabasi viko Nzuguni, kwa hiyo biashara iwafuate watu. Hoja hiyo ina uzito, nami sipingi maduka ya mahitaji ya kila siku huko. Ila mama wa Chang'ombe, ambaye Majengo anaweza kufika kwa miguu, tunamwongezea nauli ya kwenda na kurudi, na hilo sijaona likiandikwa katika maombi yoyote niliyowahi kuyasoma.

Tangu CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilipovunjwa mwaka 2017 na majukumu yake kupelekwa kwenye halmashauri, mwenye kuuliza maswali haya ni Jiji lenyewe. Ninaomba mliowahi kuunganisha viwanja Majengo mtueleze: ilichukua muda gani, na mlikwama wapi?