Tegi isiyo na betri ya kupimia unyevu wa mahindi: NFC au UHF?

Bambo_Kibaigwa:
Wakuu, habari za kazi. Nina ghala dogo la mahindi hapa Kibaigwa. Msimu uliopita lundo moja liliniharibikia: magunia ya nje makavu kabisa, ya katikati yananuka uvundo. Bambo, kile chuma cha kuchomea gunia kutoa sampuli, halifiki huko kati. Nataka tegi (kibandiko chenye chipu kinachosomwa bila waya) ya kuzika ndani niisome nikiwa nje, bila betri, kwa sababu nikishapanga lundo silipangui miezi sita. Nimeona NFC (za kugusisha simu) zenye kihisi, UHF (za kusomwa kwa kisomaji cha redio kutoka mbali kidogo) zenye kihisi ndani ya chipu, na UHF ambazo antena yenyewe ndiyo inayohisi unyevu. Nichukue ipi?

Mama_Solda:
Anza na umeme, ndugu yangu, ndio unaoamua mengine. NFC ikiguswa na simu hupata miliwati kadhaa, kihisi cha kawaida kinafanya kazi palepale. UHF ya mita kadhaa inaambulia makumi ya mikrowati tu. Piga hesabu: kihisi kinachokula mikroampia 400 kwa volti 3, milisekunde 8, kinahitaji karibu mikrojuli 10. Ni kidogo, ila kwa hizo milisekunde kinavuta mikrowati 1,200, na hewani hazipo. Ndiyo maana tegi hujaza kwanza kapasita, kijihifadhi kidogo cha umeme. Ya mikrofaradi 10 ikishuka kutoka volti 3 hadi 2 inatoa mikrojuli 25, vipimo viwili hivi. Kwa mikrowati 50 inajaa ndani ya sekunde moja. Gunia limetulia, sekunde moja si tatizo.

Osileta_Nbi:
Kwa zile zenye kihisi ndani ya chipu, uliza saketi ni ya aina gani. Baadhi hutumia osileta ya pete, yaani saketi inayotoa mapigo mfululizo: ni ndogo, inakula umeme kidogo mno, ila kasi yake hufuata joto na volti kwa pamoja. Nilibandika tegi moja kwenye tofali chumbani, nikarudi nyuma na kisomaji kutoka mita moja hadi tatu. Tofali ni lilelile, lakini joto lililosomeka lilihama karibu nyuzi mbili. Zilizo bora huweka osileta mbili na kusoma uwiano wake, au hutumia kigeuzi cha SAR, kinachogeuza volti kuwa namba, chenye volti ya rejea thabiti.

Hizo za antena zinavutia, hazihitaji kihisi cha ziada. Unyevu ukibadilisha antena, chipu inajirekebisha na kutuma namba ya marekebisho. Lakini hata mkono wako au chuma kilicho jirani kinaibadilisha namba hiyo. Mimi nisingeiamini kwa asilimia kamili ya unyevu, labda kulinganisha gunia na lenyewe la wiki iliyopita.

Bambo_Kibaigwa:
Kwa hiyo NFC? Mbona inasomeka kwa sentimita chache tu, na gunia langu liko katikati ya lundo?

Mama_Solda:
Tenganisha. Kihisi kizike katikati, vuta waya mwembamba wa nyuzi nne hadi ukingoni, antena na chipu ya NFC vibaki nje. Mita moja na nusu inawezekana ukipunguza kasi ya mawasiliano. UHF ndani ya mahindi yenye unyevu utahangaika nayo, maji yanameza mawimbi.

MzeeWaGhala:
Naunga mkono. Ila jueni tegi hizi hazikumbuki kitu kama hakuna anayezisoma. Kwa samaki au chanjo, vinavyoharibika haraka, ningekataa kabisa. Mahindi hubadilika polepole, kupita kila wiki kunatosha. Mahindi ya unyevu wa asilimia 13.5 huwa na hewa yenye unyevu wa karibu asilimia 65 hadi 70 kati ya punje. Ukiona unyevu wa hewa hiyo umepanda juu ya 70, pangua lundo uanike, sumukuvu haisubiri.

Na mnafukiza kwa vidonge vya fosfini? Gesi ile inakula shaba.

Bambo_Kibaigwa:
Ndiyo, kila msimu. Kumbe ndiyo maana swichi za taa zimekuwa nyeusi!

Mama_Solda:
Basi funika viungio vyote vilivyolehemiwa kwa gundi ya epoksi, uache tundu la kihisi tu lenye kichujio. Anza na magunia kumi, na ukifukiza, chomoa sehemu ya nje uifungie kwenye mfuko.