Tupeane uzoefu: siku mliyopanda kwadi kwenye matuta ya mchanga ya Mambrui

Mleta mada
Salaam wadau. Jumamosi vijana wa mtaani tunavuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui, kaskazini ya Malindi, kukodi kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne. Boda sote twaiendesha, kwadi hakuna aliyewahi kuigusa. Mliokwenda, tupeni visa. Sifa za mandhari wekeni kando, tuanze na yaliyowatoa jasho.

Kijana wa Barani
Ya boda yaacheni Malindi. Boda ukifika kwenye kona unailaza, nayo inakufuata. Kwadi hailali ng'o. Unakata usukani, na kiwiliwili chako unakiegemeza upande wa ndani wa kona, la sivyo inakubeba moja kwa moja. Rafiki yangu ilimpeleka hadi kwenye ua wa makuti wa watu, kuku wakatawanyika, mwenye nyumba akatoka na mwiko mkononi. Halafu mafuta hayavutwi kwa kiganja, yanabonyezwa kwa kidole gumba. Jioni tuliagiza viazi karai, nikashindwa kukamua ndimu.

Binti Maweni
Dada zangu, buibui na kwadi haviivi chungu kimoja. Pindo linapeperuka nyuma palepale gurudumu linapozunguka. Yule kijana wa kutuongoza hakuwasha chombo mpaka kila mmoja wetu amevaa suruali ndani, akapandisha buibui na kulifunga kwa leso kiunoni, fundo mbele. Mtandio nao uingie ndani ya helmeti wote, ncha isibaki nje. Na vaeni miwani, hata ya jua. Mchanga wa kusi unachoma macho.

Mwenye kuongoza wageni
Kazi yangu ndiyo hii, basi nisikilizeni. Kabla hujapanda, bonyeza tairi kwa goti. Ikibonyea kidogo ndiyo sawa, maana tairi ya kwadi hujazwa upepo mdogo sana kuliko ya gari ili itandaze mchangani. Ikiwa ngumu kama ya boda, itachimba na kuzama.

Tuta linapandwa kwa kasi moja tangu chini. Simama kwenye vikanyagio, kifua mbele. Ukiona nguvu inaisha kabla ya kileleni, USIGEUZE ubavu. Hapo ndipo watu wanapopinduka, na chombo kinakuja juu yako. Shika breki, shuka upande wa juu wa mlima, uniite. Kuteremka ni kinyume chake: makalio nyuma, usukani umenyooka, breki kidogo kidogo. Na kileleni punguza mwendo, huwezi kujua upande wa pili kuna nini. Upepo unalikata tuta. Jana lilikuwa mteremko, leo ni ukuta.

Jambo jingine, nendeni mapema. Saa kumi na mbili asubuhi mchanga bado una umande, umeshikana. Kufika saa tano umekuwa unga.

Msafiri
Sisi tulifululiza hadi Marafa, kule Nyari kwenye makorongo mekundu. Vumbi tulilokula lingetosha kukandika nyumba. Makorongoni hampandi na kwadi, ule udongo ni laini na kingo zinamomonyoka. Egesheni juu, mshuke kwa miguu na mzee wa pale. Awasimulie ile hadithi ya matajiri waliokuwa wakioga maziwa hadi ardhi ikawameza.

Mwana Mambrui
Karibuni kwetu, lakini tuambiane. Juzi kundi moja lilipita likinguruma mpaka nyuma ya msikiti, watu wako kwenye rakaa ya pili. Adhana ikisikika zimeni, si dakika nyingi. Vichochoroni kuna watoto na mbuzi, nendeni mwendo wa punda. Na ule ufuo wa juu ya maji, pembeni mwa mimea inayotambaa, msiuguse. Kasa hutaga humo. Mayai hamtayaona, yamefukiwa, na kitoto cha kasa kikitumbukia kwenye alama ya tairi hakitoki, kinazunguka humo mpaka kaa wamkute.

Wa Shela
Nawasoma kutoka Lamu. Kuna mtu kaniuliza faraghani kama anaweza kuzileta huku kwenye matuta yetu. Hapana, ndugu. Mvua ikinyesha huzama kwenye mchanga huu ikajikusanya chini, na visima vya hapa ndivyo vinavyonywesha mji. Petroli ikimwagika juu tutainywa sisi. Huku tembea kwa miguu, au mpande punda, na yeye usimbonyeze kwa gumba.

Mleta mada
😂 Haya, Shela tumesikia. Mwongozaji, mdogo wangu ana miaka kumi, naweza kumpakia nyuma?

Mwenye kuongoza wageni
Kwadi nyingi ni za mtu mmoja, hata kama kiti kinaonekana kirefu. Uzito wa nyuma ndio unaoinua gurudumu la mbele mkipanda tuta. Mwache kwa bibi ale mahamri.