Naomba ushauri: topu ya krosheti isiyo na mshono ubavuni

Hamjambo wapenzi wa uzi. Niko Kisumu, nafuma topu ya uzi wa pamba, maana joto la huku halitaki uzi mzito. Pateni (maelekezo ya kufuma) inataka vipande viwili vishonwe ubavuni. Mimi nataka nifume kwa kuzunguka, kipande kimoja, kutoka pindo hadi kwapani, kisha nigawanye mbele na nyuma. Vitanzi vya pembeni vya kuliwa na mshono nimeshaviondoa kwenye hesabu. Shida ni hii: nikizungusha bila kugeuza kazi (upande uleule ukinitazama), mstari wa kuungia mwanzo na mwisho wa kila mzunguko unapinda kando, na juu ya kwapa, ambapo lazima nigeuze kwa kuwa nafuma kwenda na kurudi, kunaonekana kama kitambaa kingine kabisa. Je, nigeuze kila mzunguko tangu chini? Na mnyororo wa kuanzia kila mzunguko nauhesabu kama kitanzi? Mteja ataivaa harusini Kakamega, nataka imkae vizuri.