Baba mkwe anamlazimisha mjukuu asimame bendera ikishushwa, nifanyeje?

Mama Wawili:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za muda huu. Naombeni ushauri, matusi mniwekee akiba.

Tangu mama mkwe afariki tunaishi na baba mkwe. Ni askari mstaafu wa JWTZ, alipigana Vita ya Kagera. Mzee hana makuu: kahawa yake, redio yake, taarifa ya habari usiku, analala. Shida ni bendera.

Nyumba yetu inatazamana na kituo cha polisi. Saa 12 jioni filimbi ikilia anasimama wima popote alipo, hata kama ana ndoo ya maji mkononi. Hapo sina neno, nami nimelelewa hivyo hivyo. Ila siku hizi mtaani kwetu wanaosimama wanahesabika, na bodaboda ndiyo usiseme. Mwanangu wa kiume yuko darasa la saba, na muda huo anakuwa kwenye chandimu, kiwanja cha jirani. Juzi filimbi imelia, mpira uko miguuni kwake, akaendelea kukimbia. Mzee akasubiri filimbi ya pili, akavuka barabara, akamchapa mkongojo wa miguu mbele ya wenzake.

Sasa mtaani anaitwa "Afande". Babu yake hamwamkii, akirudi anapitia mlango wa uani. Mume wangu yuko mkoani kikazi, nikimpigia ananiambia mzee yuko sahihi. Mimi ni mkwe, nitaanzia wapi kumkalisha baba mkwe? Halafu mtoto kaniuliza, "Mama, kile si kitambaa tu?" Sikuwa na jibu.

Kijana wa Gongo:
Dogo yuko sahihi. Uzalendo haujazi tanki la pikipiki. Wenye nchi wanapita hapo hapo na mashangingi, vioo juu, wala hawapunguzi mwendo. Mzee akawachape hao kwanza.

Nyakato:
Kijana, mashangingi tutayasema uzi mwingine, na nitakuunga mkono.

Mimi nimezaliwa ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Mutukula. Majeshi ya Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978, mama alinibeba mgongoni, magodoro na kuku tukaviacha. Daraja la Kyaka wakalilipua. Amin akatangaza kwamba mpaka wake sasa ni mto, yaani tulilala Watanzania tukaamka Waganda bila kuulizwa. Mwalimu akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Tuliporudi kwetu migomba ilikuwa imeliwa na majani, lakini shamba lilikuwa letu. Wapo walioturudishia shamba lile ambao hawakurudi kwao, wamelala Kaboya, pale Muleba.

Kwa hiyo dada, mwanao akiuliza tena, mwambie ndiyo, ni kitambaa. Halafu mtume kwa babu yake akamuulize kile cha Amin kilikaa wapi. Ila mkongojo siuungi mkono hata kidogo.

Mwalimu wa Zamu:
Nimefundisha shule za msingi miaka mingi. Mstarini asubuhi sijawahi kupigana na mtoto asimame bendera ikipandishwa, kwa sababu wote wanasimama. Mtoto wa umri huo haichukii bendera, anachukia kusimama peke yake huku wenzake wanafunga goli. Mzee anadai heshima kwa mmoja wakati kiwanja kizima kinakimbia.

Ushauri wangu: mpeni mzee kipenga. Awe refa. Filimbi ya kituoni ikilia, naye anapuliza yake, mpira unasimama kwa wote, hakuna anayefungwa wala kuchekwa. Anaanza kwa kuwaambia kwa nini. Wanajeshi wastaafu wana hadithi, tatizo hatuwaulizi. Na asianze na rangi, kijani mimea, nyeusi watu. Hayo wameshayakariri kwa ajili ya mtihani.

Mzee Kahawa Chungu:
Aanze na Nyirenda, aliyeipandisha bendera hii kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru 1961.

Pwani Njema:
Mzee wangu shikamoo, lakini si hii. Aliyoipandisha Luteni Nyirenda ilikuwa ya Tanganyika: kijani, dhahabu na nyeusi. Bluu imekuja 1964 baada ya Muungano, kutoka bendera ya Afro-Shirazi. Ukiisahau bluu umetusahau sisi wa Visiwani, na tumezoea, lakini tunasema.

Mzee Kahawa Chungu:
Marahaba. Nimekubali, bluu yenu naiona.

Shangazi Mkubwa:
Nyote mmerukia historia, mwenzenu kauliza atasemaje na mkwe. Mwanangu, wewe usiseme. Una wifi? Mkubwa kuliko mumeo? Huyo ndiye mlango wako. Binti humwambia babake yale ambayo mkwe hawezi, naye husikia. Aongee habari ya mkongojo tu, bendera asiiguse, maana ukigusa bendera umegusa wenzake aliowazika. Na huyo kijana naye amwamkie babu yake leo leo. Kuchapwa hakufuti shikamoo.

Kijana wa Gongo:
Hiyo ya refa nimeielewa. Mtaani kwetu ingekuwepo tungesimama.

Mama Wawili:
Asanteni sana, Nyakato umeniliza. Wifi nimempigia, anakuja Jumamosi. Mtoto nimemsomea ya Mutukula, akanyamaza, baadaye kaniuliza kama babu alifika Kampala kwa miguu. Nikamwambia nenda kamuulize mwenyewe, bado anazungukazunguka mlangoni. Urefa nao nimeugusia kwa mbali wakati nampelekea kahawa. Mzee kauliza kama hao watoto wanaijua sheria ya kuotea, maana yeye hachezeshi vurugu.